Uzi: Mgambo wa Marekani ni wa raia, wa jimbo au wa Rais? Katiba yao inasemaje hasa

#1 MwanaKwamtogole (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa bunduki za Marekani ukianza humu, lazima atokee mtu aseme katiba yao inampa raia silaha ili siku serikali ikigeuka dhalimu aipindue. Mimi napinga. Ukiisoma katiba ile yote, kauli hiyo haisimami.

Marekebisho ya Pili, yaliyoridhiwa Desemba 15, 1791, ni sentensi moja tu. Inaanza na mgambo uliopangwa vizuri, kwamba ni wa lazima kwa usalama wa jimbo huru, ndipo inasema haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba isivunjwe. Sasa rudi Ibara ya 1, kifungu cha 8. Huko Kongresi imepewa mamlaka ya kuuita mgambo kwa kazi tatu: kutekeleza sheria za muungano, kuzima maasi na kuwafukuza wavamizi. Mgambo ambao mnasema uliwekwa ili uasi ndio huo huo uliopewa kazi ya kuzima maasi. Halafu Ibara ya 3 inasema kuipiga vita Marekani ni uhaini.

Hoja yangu ni hii: kilicholindwa ni haki ya majimbo kuwa na mgambo wao ambao serikali kuu haiwezi kuunyang'anya silaha. Raia mmoja mmoja aliingia humo kwa sababu ndiye aliyekuwa mwanamgambo. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kapuku Msomi

Nimekaa kiti cha mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 MkongweWaPosta

Mleta mada umechelewa. Juni 2008 Mahakama ya Juu yao ilitoa hukumu kwenye shauri la Heller. Dick Heller alikuwa mlinzi. Kazini anabeba bastola akilinda jengo la serikali, akirudi nyumbani kwake Washington sheria ya mji inamkataza kuwa nayo. Jaji Scalia akaandika kwa niaba ya majaji watano: maneno ya mgambo pale mwanzoni yanataja sababu, hayaifungi haki inayofuata. Haki ni ya mtu binafsi, na kiini chake ni kujilinda. Mwaka 2010, kwenye shauri la McDonald dhidi ya Chicago, haki hiyo ikayabana na majimbo pia. Sheria leo ndiyo hiyo.

#4 MwanaKwamtogole

Mkongwe, hiyo ilikuwa tano kwa nne. Kura moja ingehama, leo tungekuwa tunasoma maoni ya Jaji Stevens kama sheria, na yeye alisema hiki hiki ninachosema.

Kaitazame rasimu ya marekebisho hayo aliyoiandika James Madison na kuipeleka Bungeni Juni 8, 1789. Mwishoni ilikuwa na kipande kinachosema mtu ambaye dini yake inamkataza kubeba silaha asilazimishwe kutumikia jeshini yeye mwenyewe. Walengwa walikuwa Waquaker, Wakristo wanaokataa vita, na wenzao. Kama kubeba silaha kulimaanisha bastola ya chumbani, nani angemlazimisha Mquaker kuwa nayo? Kipande kiliondolewa na Seneti, lakini kinatuonyesha walikuwa wanazungumzia nini: utumishi wa mgambo.

#5 Bint Kilindini

Asante mleta mada kwa uzi. Mnabishana kuhusu 1791 bila kutaja 1786, na hapo ndipo penye chanzo.

Baada ya kujitoa kwa Mwingereza, muungano wao wa kwanza haukuwa na uwezo wa kutoza kodi wala jeshi la maana. Huko magharibi mwa Massachusetts wakulima wakabanwa na madeni na kodi za jimbo, mahakama zikawa zinachukua mashamba yao. Wakaanza kuzifunga mahakama kwa nguvu. Wengi walikuwa wamepigana vita vya uhuru, na mmoja wa viongozi wao, Daniel Shays, alikuwa kapteni kwenye vita hivyo. Sasa sikilizeni. Gavana Bowdoin akauita mgambo uwazime, na mahali kama Great Barrington wanamgambo wengi wakahamia upande wa waasi. Haikushangaza, maana walikuwa majirani zao.

Ikabidi matajiri wa Boston wachange fedha kulipia jeshi la jimbo chini ya Benjamin Lincoln. Kabla halijafika, Januari 25, 1787, Shays na watu wake wakaenda Springfield kwenye ghala la silaha la serikali kuu. Jenerali Shepard wa mgambo wa jimbo alikuwa ameshaliingia na kuchukua mizinga ya humo humo bila ruhusa ya Kongresi. Akapiga risasi za onyo, hawakurudi nyuma, akawalenga. Wakafa wanne, waliobaki wakatawanyika kwenye theluji.

Miezi minne baadaye wakubwa wakakutana Philadelphia kuandika katiba mpya. Kifungu cha kuzima maasi alichokitaja mleta mada kina harufu ya baruti ya Springfield. Kwa hiyo wapo waliotaka mgambo uwe mkononi mwa serikali kuu kwa sababu mgambo wa jimbo haukuaminika, na wapo walioona huo ndio mwanzo wa udhalimu. Marekebisho ya Pili ni mapatano ya makundi hayo mawili, ndiyo maana kila upande unapata cha kushika.

#6 FundiSaa

Nakazia. Na ndiyo maana George Washington mwenyewe alipanda farasi na askari 13,000 kwenda kuwazima hao akina Shays.

#7 Bint Kilindini

Hapana kaka FundiSaa. Wakati wa Shays, Washington alikuwa nyumbani Mount Vernon, hana cheo chochote. Hao 13,000 ni wa mwaka 1794, uasi wa wiski huko magharibi mwa Pennsylvania, uliotokana na kodi ya pombe ya 1791. Wakati huo alikuwa Rais. Sheria ilimtaka kwanza jaji athibitishe kwamba mahakama zimeshindwa, naye Jaji James Wilson akathibitisha Agosti 1794. Mgambo ukaitwa kutoka majimbo manne: Pennsylvania, New Jersey, Maryland na Virginia. Rais akasafiri nao hadi Bedford, waasi wakayeyuka kabla ya vita. Wawili walihukumiwa kwa uhaini, akawasamehe.

#8 FundiSaa

Basi huo wa 1794 unanipa nguvu zaidi. Raia wenye bunduki waliinuka kupinga kodi wanayoiona ya dhuluma, na kizazi kile kile kilichoandika Marekebisho ya Pili kikawapelekea jeshi kubwa. Hakuna aliyesimama kusema hawa wanatumia haki yao ya kikatiba.

#9 MzeeWaMakumbusho

Vijana mnazungumza mgambo kama neno la vitabuni. Ngoja niwaonyeshe ulivyokuwa mwilini mwa mtu.

Sheria ya Mei 8, 1792 ilisema kila raia mwanamume mweupe, huru, mwenye afya, wa miaka 18 hadi 45, aandikishwe kwenye mgambo. Ndani ya miezi sita ajitafutie mwenyewe, kwa fedha zake: bunduki ya gobori iliyo nzuri, singe na mkanda wake, mawe mawili ya akiba ya kuwashia, mkoba wa mgongoni, na mfuko wenye risasi zisizopungua 24 zinazolingana na bunduki yake. Mwenye raifo alete risasi 20 na robo ratili ya baruti. Akiitwa kwenye mazoezi aje navyo vyote.

Kwa hiyo, Mkongwe, mwaka 1792 bunduki ilikuwa wajibu ambao serikali imekutwisha. Kilichowasukuma ni kipigo cha Novemba 4, 1791, ambapo jeshi la Jenerali St. Clair lilivunjwa na muungano wa makabila ya wenyeji huko Ohio, wakafa zaidi ya askari 600. Mgambo wa Kentucky uliokuwa mbele ndio uliokimbia kwanza. Nchi haikuwa na fedha za jeshi la kudumu na haikulipenda, kwa hiyo ikamfanya kila mwananchi awe jeshi kwa gharama yake.

#10 Kapuku Msomi

Mzee, na asiye na hela ya gobori?

#11 MzeeWaMakumbusho

Hapo ndipo sheria ilipokwama, kijana wangu. Haikuweka adhabu yoyote ya serikali kuu kwa asiyetimiza, ikayaachia majimbo, na majimbo yakalegea. Mwaka 1808 Kongresi ikaanza kutenga dola 200,000 kila mwaka za kununulia mgambo silaha. Siku za gwaride zikawa sherehe, na wengi walikuja mikono mitupu.

#12 Ujiji Yetu

Mmezunguka sana na kodi na Wahindi Wekundu, mmeacha jambo lililo wazi. Kusini mgambo ulikuwa na kazi moja kuu: watumwa. South Carolina ilikuwa na doria za watumwa tangu 1704. Baada ya uasi wa Stono wa 1739, ambao watumwa walivamia duka la silaha wakaelekea Florida kwa Wahispania, sheria za kubeba bunduki na za doria zilikazwa zaidi. Watu wa doria walitoka kwenye orodha ya mgambo. Usiku wanapita kwenye vibanda vya watumwa wakitafuta silaha, wakidai vibali.

Juni 1788 huko Richmond, Virginia ilipokuwa inajadili kama iipokee katiba, Patrick Henry na George Mason walisimama wakahoji: kama Kongresi ndiyo yenye kuupa mgambo silaha, je, isipotoa? Henry akataja wazi maasi ya watumwa. Madison alikuwa amekaa ukumbini anasikia, na mwaka uliofuata ndiye aliyeandika rasimu. Unganisheni wenyewe.

#13 MkongweWaPosta

Ujiji, sehemu ya doria ni kweli kabisa, wala hakuna wa kuikana. Lakini kusema ndiyo sababu ya Marekebisho ya Pili, hapo umeruka hatua. Pennsylvania iliandika kwenye katiba yake ya 1776 kwamba watu wana haki ya kubeba silaha kwa ajili ya kujilinda wenyewe na jimbo. Vermont iliandika hivyo hivyo 1777, katiba ile ile iliyopiga marufuku kuwafanya watu wazima watumwa. New Hampshire nayo ilidai marekebisho kama hayo 1788. Hao walikuwa wanamlinda bwana mtumwa gani? Na mleta mada, ona maneno ya Pennsylvania: kujilinda wenyewe, na jimbo. Vyote viwili.

#14 Ujiji Yetu

Mkongwe, mtu mmoja anaweza kutaka bunduki kwa sababu ya dubu, mwingine kwa sababu ya mtumwa, wakapiga kura moja. Kura za Virginia zilikuwa na uzito kuliko za Vermont, ambayo mwaka 1788 haikuwamo hata kwenye muungano.

#15 Kaka wa Minnesota

Nawasalimu kutoka Minneapolis. Nasoma uzi huu nikiwa na jambo la kusema, maana mimi ndiye mgambo mnayemjadili. Nimetumikia National Guard ya hapa.

Siku ya kuapishwa, unanyanyua mkono unaapa kuilinda katiba ya Marekani na katiba ya jimbo la Minnesota. Unaapa kutii amri za Rais na amri za gavana. Kwenye kiapo kimoja, pumzi moja. Wenzetu wa jeshi la kawaida hawamtaji gavana hata kidogo.

Mwaka 2020 mji ulipowaka kwa ghasia baada ya kifo cha George Floyd, tuliingia barabarani kwa amri ya gavana. Safari ya nje ya nchi niliyokwenda ilikuwa kwa amri ya serikali kuu. Sare ni ile ile, wenzangu ni wale wale, hata magari. Kilichobadilika ni karatasi ya amri: nani ameisaini, nani analipa, na sheria ipi inatumika ukikosea. Ukiwa chini ya gavana unaweza kusaidia polisi kukamata watu. Ukishachukuliwa na Rais, sheria ya 1878 inayokataza jeshi kufanya kazi ya polisi inakubana, isipokuwa pale sheria nyingine imefungua mlango.

Na jimbo letu ndilo lililokwenda kuuliza swali la mleta mada mahakamani. Miaka ya 1980 magavana kadhaa walikataa vikosi vyao visiende kufanya mazoezi Honduras. Kongresi ikapitisha sheria 1986 kuwaondolea uwezo huo. Gavana wetu Rudy Perpich akashtaki, akashindwa 1990, majaji wote kwa kauli moja. Hukumu ilisema mwana-Guard ana kofia tatu kabatini: ya uraia, ya mgambo wa jimbo na ya jeshi la Marekani, na anavaa moja kwa wakati mmoja.

#16 Kapuku Msomi

Kaka wa Minnesota, kuanzia leo ukiingia kwenye uzi tunasimama wima. Heshima yako mkuu.

#17 Mama Salma wa Houston

Kaka hapo juu kanikumbusha kiapo changu cha uraia. Tulikuwa ukumbi mzima, watu wa kila taifa. Tukafika mahali pa kusema kwamba nitabeba silaha kwa niaba ya Marekani sheria itakapotaka. Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kikongo kutoka Bukavu, akanishika mkono akaniuliza kwa Kiswahili, "Dada, na sisi pia?" Aliyetoka vitani hakutarajia kuambiwa hivyo. Nikamwambia ndiyo, ila wapo wenye imani za dini wanaoruhusiwa kuapa bila kipande hicho.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba mpaka leo sheria yao inasema mgambo wa Marekani ni wanaume wote wenye afya, kuanzia miaka 17 hadi kabla ya 45, walio raia au waliotangaza nia ya kuwa raia. Wanawake ni wale tu waliomo National Guard. Mgambo uliopangwa ni Guard, usiopangwa ni wengine wote. Kwa hiyo wanangu wa kiume wamo, mimi simo.

#18 MwanaKwamtogole

Asante sana mama Salma. Ugawaji huo ulianza na sheria ya 1903 iliyopewa jina la Charles Dick, mbunge wa Ohio ambaye baadaye alikuwa seneta. Ndiyo iliyozika rasmi ile ya gobori la 1792.

#19 Mwalimu Bweri

Nimesoma kurasa zote. Mnaliangalia suala la haki za majimbo kana kwamba lina mwenyewe. Nimelifundisha kwa muda mrefu na nawaambia halina. Analishika aliyeshindwa Washington.

Mwaka 1798 Jefferson na Madison waliandika maazimio ya Kentucky na Virginia, kwa siri, kwamba jimbo linaweza kusimama dhidi ya sheria ya serikali kuu inayovunja katiba. Wakati huo walikuwa upinzani. Mwaka 1812 Madison ni Rais, ametangaza vita na Uingereza, anauita mgambo. Magavana wa Massachusetts, Connecticut na Rhode Island wakagoma. Caleb Strong wa Massachusetts alisema yeye gavana ndiye mwenye kupima kama uvamizi upo, na anaona haupo. Oktoba mwaka huo huo, mtoni Niagara, wanamgambo wa New York walisimama ukingoni wakitazama wenzao wanachinjwa Queenston Heights ng'ambo ya pili, wakakataa kuvuka. Walisema katiba inawataka wafukuze wavamizi, haiwataki wao wawe wavamizi wa Kanada.

Suala likafika mahakamani kupitia askari wa kawaida kabisa wa New York, Jacob Mott, aliyekataa kwenda 1814 akapigwa faini ya dola 96. Mwaka 1827 Jaji Story akaamua: anayepima kama hatari ipo ni Rais peke yake, na uamuzi wake unawafunga wote.

Mwaka 1832 South Carolina ikatangaza ushuru wa forodha ni batili ndani ya mipaka yake, na ikaanza kukusanya watu wa kujitolea wenye silaha. Rais Jackson akaijibu kwa vitisho na sheria ya kutumia nguvu. Kisha geuza meza: sheria ya 1850 ya kuwarudisha watumwa watoro. Sasa ni kaskazini inayopiga kelele za haki za majimbo! Mahakama ya Wisconsin ikamwachia Sherman Booth, aliyesaidia kumtorosha mtumwa, ikisema sheria hiyo ni batili. Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo 1859, na kusini ikashangilia ukuu wa serikali kuu.

#20 Kifaru wa Tarime

Mwalimu heshima yako, ila vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 vilikuwa vya haki za majimbo. Rais Lincoln ndiye aliyeita wanamgambo 75,000 Aprili 15 kuvamia majimbo yaliyojitoa kwa amani. Virginia haikujitoa mpaka alipoita.

#21 Mwalimu Bweri

Kifaru, amani gani baada ya Fort Sumter, ngome ya serikali kuu huko South Carolina, kupigwa mizinga Aprili 12? Halafu soma tamko la South Carolina la Desemba 1860 la sababu za kujitoa. Malalamiko yake makubwa ni kwamba majimbo ya kaskazini yametunga sheria zao za kuzuia watumwa kurudishwa. Yaani linalalamika kwamba majimbo mengine yametumia haki zao. Mississippi iliandika waziwazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Na katiba yao ya Muungano wa Kusini ilikataza sheria yoyote ya kuivunja haki ya kumiliki mtumwa. Mahakama ya Juu nayo ikasema 1869, kwenye shauri la Texas dhidi ya White, kwamba muungano hauvunjiki.

#22 Kifaru wa Tarime

Utumwa sikatai. Lakini kuna gavana wa Kentucky aliyemkatalia Lincoln askari, na jimbo lake halikujitoa. Naye alikuwa anatetea nini? Alisema hatoi watu wa kwenda kupiga majimbo ndugu. Hiyo ni hoja ya jimbo kama jimbo.

#23 Ujiji Yetu

Kentucky ilikuwa jimbo la watumwa, Kifaru. Na vita vilipokwisha ndipo utaona haki za majimbo zina uso gani. Colfax, Louisiana, Pasaka ya Aprili 13, 1873. Watu weusi, baadhi yao wa mgambo wa jimbo, wameshika jengo la mahakama ya kaunti baada ya uchaguzi wenye mzozo. Wazungu wakaja na mzinga, wakalichoma jengo. Makumi waliuawa, wengi wakiwa wameshajisalimisha. Serikali kuu ikawashtaki wachache. Mwaka 1876 Mahakama ya Juu ikafuta hukumu zao, shauri la Cruikshank, ikisema Marekebisho ya Pili yanaifunga Kongresi tu, na wananchi wakatafute ulinzi kwa jimbo lao. Jimbo lipi? Mwaka uliofuata Louisiana ilikuwa mikononi mwa wale wale.

Ndiyo maana McDonald ya 2010 aliyoitaja Mkongwe siichukii. Otis McDonald alikuwa mzee mweusi wa Chicago aliyechoka kuibiwa.

#24 MkongweWaPosta

Leo umenikuna, Ujiji.

#25 Bint Kilindini

Niongeze Chicago nyingine. Mwaka 1879 Herman Presser aliongoza watu kama 400 wenye bunduki barabarani, chama cha wafanyakazi wa Kijerumani walioogopa mgambo wa jimbo na walinzi wa waajiri baada ya migomo ya 1877. Illinois ilikuwa na sheria inayokataza vikundi binafsi kuandamana na silaha bila kibali cha gavana. Akapigwa faini ya dola 10, akakata rufaa mpaka juu, akashindwa 1886. Hao wanaovaa kombati leo wakijiita mgambo wa Michigan au wa mahali pengine, majimbo yote 50 yana kifungu kimoja au kingine cha kuzuia jeshi la mtu binafsi. Shida ni kwamba havitumiki mara nyingi.

#26 MzeeWaMakumbusho

Na Little Rock je? Septemba 4, 1957, gavana Orval Faubus wa Arkansas aliiweka National Guard kwenye mlango wa shule ya Central High, iliyokuwa ya wazungu watupu, kuwazuia wanafunzi tisa weusi walioruhusiwa na mahakama. Mmoja wao, binti wa miaka 15, Elizabeth Eckford, alikuja peke yake, hakupata habari kwamba wenzake wanane wamepanga kuja pamoja. Askari akamkingia bunduki. Akaenda kwa mwingine, naye akafunga njia. Akarudi kituo cha basi huku kundi la watu likimzomea nyuma yake. Wiki tatu baadaye Rais Eisenhower akaichukua Guard yote ya Arkansas kutoka kwa gavana na kuleta askari wa miavuli wa Divisheni ya 101. Watoto wakaingia. Wiki zilizofuata waliobaki kuwalinda ni wanajeshi wa Guard ile ile iliyomfukuza Elizabeth, sasa wakiwa chini ya Rais.

Mleta mada, mgambo wa jimbo ulikuwa unalinda uhuru wa nani pale mlangoni?

#27 MwanaKwamtogole

Mzee, swali zito. Mimi nilisema katiba ilikusudia nini, sikusema majimbo yaliutumia vizuri. Na hilo la Rais lina upande wa pili. Juni 2025 Trump aliichukua Guard ya California akaipeleka Los Angeles wakati wa maandamano ya kupinga ukamataji wa wahamiaji, gavana Newsom akipinga. Kabla ya hapo, mara ya mwisho Rais kufanya hivyo bila ridhaa ya gavana ilikuwa 1965, Johnson alipowalinda waandamanaji wa haki za kiraia wa Selma, Alabama. Newsom akaenda mahakamani na hoja za haki za majimbo zilizokuwa za Faubus. Mwalimu Bweri nakuona unatabasamu.

#28 Kaka wa Minnesota

Wenzangu wa kikosini wanalijadili hilo kila tukikutana, na wanagawanyika kwa vyama. Mimi nasema kiapo kilitaja wote wawili, hakikusema wakigongana nimfuate nani. Jaji Story alishalijibu 1827, lakini ukiwa umesimama barabarani mbele ya watu wa mtaa wako jibu hilo halitoshi.

#29 Otieno K'Ogelo

Huku Kenya gavana hana askari wa bunduki, polisi ni wa taifa. Nikisoma uzi huu sijui nishukuru au nisikitike. Swali langu ni moja: jimbo likikataa tu kusaidia, bila mgambo, linaruhusiwa?

#30 Mwalimu Bweri

Linaruhusiwa, ndugu Otieno. Jay Printz, sherifu wa kaunti ya Ravalli huko Montana, alikataa kufanya kazi ya kuwachunguza wanunuzi wa bastola aliyotwishwa na sheria ya Brady. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikamuunga mkono: serikali kuu haiwezi kuwaamrisha maofisa wa jimbo watekeleze programu yake. Scalia huyo huyo ndiye aliyeandika. Leo miji inayokataa kuwasaidia maofisa wa uhamiaji inasimama juu ya hukumu hiyo hiyo.

#31 MkongweWaPosta

Nimalizie na swali kwa mleta mada, maana hajaguswa mahali panapouma. Unasema haki ni ya jimbo. Heller aliishi Washington D.C. Pale hapana jimbo wala gavana, na Guard yao iko chini ya Rais moja kwa moja. Mkazi wa pale ana haki gani chini ya tafsiri yako? Hana kabisa?

#32 MwanaKwamtogole

D.C. imekuwa na mgambo wake kwa sheria ya Kongresi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800, Mkongwe. Kukosa gavana hakujafuta mgambo.

#33 MkongweWaPosta

Mgambo ulioundwa na Kongresi, unaoongozwa na Rais, unamlinda mkazi dhidi ya Kongresi na Rais? Hapo bado hujanijibu.

#34 Bint Kilindini

Na Madison mwenyewe, akiitetea katiba mwanzoni mwa 1788, alisema jeshi la serikali kuu haliwezi kuzidi watu 30,000 hivi, na litakabiliwa na mgambo wa karibu nusu milioni wenye maofisa walioteuliwa na majimbo. Mleta mada, hapo alikuwa anafikiria mapigano na serikali kuu au hapana? Nijibu na hilo ukimjibu Mkongwe.